Uzi wa Dragon Quest V ya Nintendo DS: baba, mke, watoto na ugomvi wa mashemeji

Mzee_wa_Kaseti (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nyuzi za gemu humu karibu zote ni mpira na mbio za magari. Leo nataka tuongelee gemu ya kukaa nayo mkononi mpaka betri iombe msamaha: Dragon Quest V, ile ya Nintendo DS. Wanaoijua watie neno, wasioijua wasome. Ila natahadharisha mapema, nitasema mambo ya ndani ya hadithi mpaka karibu na mwisho. Asiyetaka kuharibiwa utamu ashukie kituo hiki.

Historia kidogo tu, maana najua mna haraka. Ilitoka Japani Septemba 1992 kwenye Super Famicom, mashine ya Nintendo ya enzi hizo. Aliyeibuni ni Yuji Horii, michoro ya wahusika ni ya Akira Toriyama, yule yule wa Dragon Ball aliyefariki Machi 2024, na muziki ni wa Koichi Sugiyama. Kwa Kiingereza haikuletwa. Mwaka 2004 wakaifanyia ukarabati mkubwa kwa PlayStation 2, nayo ikaishia huko huko Japani. Walimwengu wengine waliionja rasmi Februari 2009 kwenye DS. Zaidi ya miaka 16 watu wanasikia sifa tu.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Gemu nyingi za aina hii zina mzazi, lakini mzazi wenyewe anakufa ndani ya dakika tano ili wewe upate sababu ya kuchukua upanga. Humu baba unaishi naye. Anaitwa Pankraz, jibaba la misuli na masharubu. Hadithi inaanza mke wake akiwa kwenye uchungu wa kuzaa na yeye anapiga hatua huku na huko, hatulii. Mtoto akizaliwa anapendekeza aitwe Madason. Mama anasema ni zuri hilo, lakini ana lingine analoliona linafaa zaidi, na analolitaja ni jina uliloandika wewe. Nilicheka sana hapo, kwa sababu kila nyumba naijua ina kesi ya namna hiyo.

Ukishakua kidogo mnatembea pamoja, baba na mwana. Tazameni walivyomtengeneza huyu mzee kwenye mapambano. Humwamrishi. Wewe una kijiti mkononi, unampiga zimwi anabaki amekukodolea macho. Zamu ya baba ikifika anapiga mara mbili, biashara imeisha. Mkimaliza, kama umeumia, anakutibu mwenyewe bila kuombwa. Hakuna maelezo yoyote kwenye skrini yanayosema "baba yako anakupenda". Unaona tu uhai wako umejaa tena na safari inaendelea.

Halafu kwa kuwa u mtoto, kusoma hujui. Unaenda kwenye kabati la vitabu au kibao cha njiani, unaambiwa bado maandishi hayapandi. Kuna binti anaitwa Bianca, amekuzidi miaka miwili, anajifanya atakusomea kitabu, maneno magumu yanamshinda naye.

Sasa fikirieni mtu aliyezoea ulinzi wa namna hiyo anavyofikishwa kwenye lile tukio. Pankraz amepewa kazi na mfalme wa Coburg amwangalie mwanawe Harry, mtoto mtundu kweli kweli. Harry anatekwa, baba anakwenda kumkomboa na wewe unafuata nyuma. Anawapiga walinzi, anawamaliza. Ndipo mchawi Ladja anakushika wewe na kukuwekea makali shingoni. Mzee aliyekuwa akipiga mara mbili kila zamu anashusha mikono na kupigwa mpaka anaisha. Neno lake la mwisho ni kwamba mama yako yu hai, umtafute. Wewe na Harry mnapelekwa utumwani kujenga hekalu, miaka 10.

Mnatoroka ndani ya pipa. Kijiji mlichokuwa mkiishi unakikuta kimechomwa, kwa sababu kule Coburg lawama ya kupotea kwa Harry aliangushiwa marehemu. Ndani ya pango la hapo kijijini kuna barua aliyokuachia na upanga wa ajabu. Unaukamata upanga. Haukukubali. Huo ni wa shujaa wa kale anayetajwa kwenye unabii, na gemu inakwambia wazi kabisa kwamba wewe siye.

Nitaendelea na sehemu ya mke na watoto. Naenda kuoga kwanza, maji yamerudi.

Kibakuli

Mkuu hii si ya watoto? Vijinyama vya rangi ya bluu vinacheka cheka.

Mzee_wa_Kaseti

Vijinyama hivyo ni Slime. Hivyo vinavyocheka utavichukua uvilee. Ukishapata gari la farasi, mazimwi unayoyashinda mengine yanaomba kujiunga nawe, unayapa silaha na yanapanda leveli. Na hii ni mwaka 1992, Pokémon ya kwanza ilikuwa bado miaka minne. Kaa kitako usome.

Bin_Kisauni

Wallahi ndugu yangu umenirudisha mbali. Mimi niliichezea Muscat, nilikuwa nafanya kazi za zamu za usiku, DS ndiyo iliyokuwa mwenzangu. Acha niwaelezee ndoa, maana hapo pana utamu wake.

Upanga umekukataa, basi unatafuta vifaa vingine vya huyo shujaa. Ngao iko kwa tajiri mmoja wa mji wa Mostroferrato, Rodrigo Briscoletti, na tajiri keshatangaza kwamba ngao ni ya atakayemuoa binti yake Nera. Mahari anayoitaka si fedha. Anataka pete mbili: moja iko ndani ya mlima wa volkano, nyingine iko majini. Kijana mmoja wa pale, Crispin, ampendaye Nera tangu zamani, anakimbilia ile ya moto, arudishwa kitandani kaungua mwili mzima.

Wewe ya moto waipata. Katika kuitafuta ya maji wafika kijiji cha mlimani na nani anakufungulia mlango? Bianca. Amekuwa mwanamke mzima, anamuuguza babake. Anaingia chomboni nawe mpaka pete inapatikana, akijua fika wamtafutia mwenziwe.

Mwarudi Mostroferrato na pete zote. Nera mwenyewe, na hapa namvulia kofia, atambua kwamba huyu dada aliyekuja nawe naye akupenda. Mzee Briscoletti asema haya, kalale, asubuhi utachagua. Usiku huo amka utembee. Nera amelala zake. Bianca yu macho, asema anapunga upepo, na akwambia umchague Nera, yeye atajimudu peke yake.

Sasa niambie, mtu mwenye moyo atamwacha huyo? Bianca ndiye shemeji yetu, tufunge mjadala.

Kaka_Mpole

Mjadala haufungwi hivyo kaka. Mnatumia machozi kumnyima haki Nera. Nera kakosa nini? Amelala usiku kwa kuwa dhamiri yake safi. Uchawi wake una tiba na una mlipuko unaofagia uwanja mzima, Bianca yeye ni moto moto tu. Baba mkwe tajiri, zawadi zinafuata mpaka baada ya harusi. Na ile pete uliitafuta kwa ajili ya nani? Umepeleka posa, umekubaliwa, asubuhi unageuka. Kwetu Tanga wazee wangekaa kikao.

Bin_Kisauni

Ukimwacha Nera aolewa na Crispin aliyeungua kwa ajili yake. Ukimwacha Bianca abaki kijijini peke yake na babake mgonjwa. Hesabu hiyo waifanyaje Kaka_Mpole?

Kaka_Mpole

Hiyo ni huruma, siyo ndoa.

Kibakuli

Nimekaa kitako.

Mzee_wa_Kaseti

Nimerudi. Wote wawili mnamsahau mtu mmoja. Kwenye DS wameongeza wa tatu, Debora, dada yake mkubwa Nera, ambaye 1992 hakuwapo. Huyo hasubiri kuitwa. Anashuka ngazi anakuuliza unasitasita nini wakati yeye yupo. Uchawi kwake ni mdogo, anapigana kwa mikono, na anakusemesha mchana na usiku kama mtumishi wake. Sijawahi kumchagua. Namwogopa.

Na niseme haki ya mzee Briscoletti. Umemkataa binti yake mbele ya watu, bado harusi anaigharamia yeye na meli anakuazima. Baba mkwe wa namna hiyo mkimpata mnijulishe.

Niendelee. Mnavuka mlima kwenda Gotha, na unakuja kugundua kwamba baba yako Pankraz alikuwa mfalme wa huko, aliuacha ufalme kwenda kumtafuta mkewe aliyetekwa. Mkeo anazirai. Kumbe alikuwa mjamzito muda wote na wewe umempandisha milima akipigana na mazimwi. Wanazaliwa mapacha, wa kiume na wa kike, majina unawapa wewe. Wangu ni Juma na Rehema. Nywele zao zinamfuata mama: za dhahabu kwa Bianca, za bluu kwa Nera, nyeusi kwa Debora.

Hata arobaini haijaisha vizuri, mke anatekwa. Unakwenda kumkomboa, mnageuzwa mawe wote wawili.

Mama_Pili

Naomba hiyo ya mawe niisimulie mimi, maana ndiyo iliyonifanya nijiunge na uzi.

Mimi gemu sikuwa mpenzi. Kifaa kilikuwa cha marehemu kaka yangu, kimebaki nyumbani na kaseti zake. Binti yangu wa darasa la nne akakitoa kwenye droo. Kiingereza cha ile gemu ni kigumu, kina lafudhi za kila aina, kila kijiji wanaongea kivyao, kwa hiyo jioni nakaa naye nasoma na kumsimulia kwa Kiswahili. Nikajikuta ninayesubiri jioni ni mimi.

Basi lile sanamu la baba linauzwa mnadani. Analinunua bwana mmoja kwa ajili ya uwanja wa nyumba yake, eti lilinde familia, kwani ana mtoto mchanga. Skrini haiondoki hapo. Misimu inapita, theluji inaanguka na kuyeyuka, mtoto wa yule bwana anaanza kutembea mbele ya sanamu. Wewe unabonyeza vitufe, hakuna kinachotokea. Siku moja mazimwi wanashuka wanamchukua yule mtoto, na baba yake anakuja kumalizia hasira zake kwenye sanamu, si alinunua ulinzi?

Binti yangu akaniuliza, "Mama, huyu baba ndani ya jiwe anasikia?" Nikamwambia sijui. Akasema anasikia, sababu sisi tunaona.

Miaka 8 imepita ndipo wanakuja mzee Sancho, yule mtumishi wa zamani wa Pankraz, na watoto wawili wenye fimbo ya kumfungua. Hawamjui baba yao hata kwa sura.

Swali langu: kifo cha babu yao Pankraz kilimliza sana huyu binti yangu, alikataa kucheza kwa muda. Je, mbele kuna kingine cha kiasi hicho? Nijiandae.

Mzee_wa_Kaseti

Dada, pole kwa kaka yako. Kingine kipo, bibi yao Mada. Utampata mwishoni kabisa, huko kuzimu kunakoitwa Nadiria, na hatarudi nanyi nyumbani. Mwambie mtoto mapema kidogo, asikutane nacho ghafla.

Na ulipofika ndipo gemu inanimaliza mimi. Watoto wanaingia kikosini, na ile sheria ya mwanzo imegeuka. Sasa mwenye kupiga kwa nguvu ni wewe, wenye vifimbo ni wao, na unayebonyeza uchawi wa tiba baada ya kila pambano ni wewe. Mimi mara ya kwanza niliwaacha ndani ya gari la farasi karibu safari nzima, nikatanguliza mazimwi. Watoto wana miaka minane, nawapeleka wapi? Hakuna aliyeniagiza. Kisha nikamjaribishia kijana ule upanga ulionikataa, akauchukua bila shida yoyote. Shujaa aliyetafutwa na babu, akatafutwa na baba, alikuwa amelala kwenye susu kule Gotha.

Kitu kingine ambacho wengi hawakitumii: bonyeza kitufe cha kuongea na wenzako popote ulipo, hata mara kumi kwa siku. Ingia dukani ubonyeze, toka ubonyeze, ongea na mfalme kisha bonyeza. Mke ana lake, kijana ana lake, binti ana lake, na maneno yanabadilika kwa kila tukio. Dragon Quest IV ya DS walipoitafsiri kwa Kiingereza maongezi haya waliyakata, na inauma. Kwenye V wameyaacha, na bila hayo nasema familia ingebaki namba tu za uhai na nguvu.

Fundi_Chaji

Wakuu naona hadithi imenoga, ngoja nije na upande wa vifaa maana kuna watu watakimbilia kununua.

Kadi za DS za kawaida hazina ubaguzi wa nchi. Ya Marekani, ya Ulaya, ya Japani, zote zinaingia DS yoyote, na 3DS, mdogo wake DS aliyekuja baadaye, pia inazisoma. Ya Japani ni Kijapani kitupu, angalieni. Ya Ulaya jalada lake limeandikwa Dragon Quest: The Hand of the Heavenly Bride bila namba tano, msidhani ni nyingine. Duka la mtandaoni la 3DS lilifungwa Machi 2023 lakini hii haiwahusu, hii ni ya kadi.

Feki ni nyingi. Mimi kuna muuzaji wa mtandaoni aliniuzia moja, inawaka vizuri, inacheza vizuri, ukienda kusevu kwa padri (humu safari yako inahifadhiwa kanisani) anakubali. Ukizima na kuwasha, kitabu cheupe, yote uliyosevu hayapo. Kwa hiyo ukiletewa, sevu kanisani, zima, toa kadi, rudisha, ndipo umpe mtu hela yake.

Asiye na DS ipo ya simu tangu 2015, Android na iPhone, inachezwa kwa mkono mmoja simu ikiwa wima. Hadithi ni ile ile na Debora yumo. Mimi bado napenda DS kwa zile skrini mbili: ramani ya mji inapanda mpaka skrini ya juu, unaizungusha kwa vitufe vya L na R unaona vilivyofichwa nyuma ya nyumba.

Kibakuli

Fundi asante, nimeshaipakua kwenye simu wakati mnabishana. Nimefika pale kwenye kijiji cha wakulima, wamenilipa nimuue mnyama anayewala mazao. Ananichapa. Nifanyeje?

Bin_Kisauni

USIMUUE. Kumbuka ulipokuwa mdogo, wewe na Bianca mlimwokoa mtoto wa chui aliyekuwa akiteswa, mkaingia lile jumba la mizimu usiku ili apate kuachiwa. Bianca alikupa utepe wake siku ya kuagana. Ufungue mfuko umwoneshe huyo mnyama utepe.

Kibakuli

Jamani.

Amenusa tu akanijua. Miaka 10!! Ananifuata sasa hivi. Halafu nimerudi kijijini nimeona wakulima wananiangalia vibaya, wanasema kumbe mnyama ni wangu na nilipanga naye niwale hela. Nimeonewa lakini sijali.

Kaka_Mpole

Karibu chamani. Ukifika Mostroferrato nitafute kabla hujachagua.

Bin_Kisauni

Kibakuli, utepe ni wa nani? Naishia hapo.

Mzee_wa_Kaseti

Hahaha, huo ni ushahidi mzito Kaka_Mpole.

Kabla sijalala niweke moja kwa waliomaliza. Mnakumbuka pale mwanzo kijijini, mgeni mmoja anakuja anakuomba akitazame kidogo kile kijitufe cha dhahabu, kama mpira mdogo, ulichokiokota kule kwenye mizimu? Mtoto unampa, anakitazama, anakurudishia, anakwenda zake. Hapo unamwona ni mpita njia tu. Huko mbele sana, ukiwa baba wa watoto wawili, unahitaji kijitufe hicho ili mji wa angani upae tena, na njia pekee ya kukipata ni kurudi zamani kupitia picha moja ya ajabu ukiwa na cha bandia mkononi. Unatokea kijijini, mtoto amesimama na chui wake. Yule mgeni ulikuwa wewe. Na kile alichokivunja Ladja siku ya kifo cha mzee kilikuwa kile feki.

Hapo kijijini Pankraz yu hai ndani ya nyumba yake. Unaweza kuingia na kuongea naye. Hata ukimwonya, atakwenda Coburg vile vile. Mimi nilitoka, nikaingia tena, nikaongea naye tena ingawa nilijua maneno ni yale yale.

Halafu kuna watu wanasema gemu ya 1992 imepitwa na wakati. Hiyo kamba ya kurudi zamani imefungwa tangu saa ya kwanza ya gemu, mbele ya macho yako.

Kasoro? Zipo. Mazimwi wanatokea kila hatua tano, ukiwa umepotea pangoni unatamani kulia. Ukifa unarudishwa kanisani na nusu ya hela imekwenda. Na mkeo anaondoka kwenye hadithi mapema mno baada ya harusi, kwa gemu inayojisifu kwa ndoa wangempa muda zaidi. Hilo siwasamehi.

Mama_Pili

Kaka asante kwa jibu, nimemwambia kuhusu bibi. Amekaa kimya halafu akasema basi tupite kwanza kasino.

Sasa naomba ushauri wa haraka. Tunaianza upya, safari hii yeye ndiye anayeongoza na mimi nasoma tu. Tumefika usiku wa kuchagua. Nimemsomea maneno ya Bianca dirishani kwa sauti ya huzuni kabisa. Nimemwambia habari za Crispin pia ili nisimwonee Nera.

Kaka_Mpole

Mama Pili umetenda haki.

Bin_Kisauni

Na akasema nani?

Mama_Pili

Debora. Eti yeye peke yake ndiye aliyesema anachotaka.

Mzee_wa_Kaseti

Hongereni kwa harusi. Tuleteeni mrejesho nywele za mapacha zikishaonekana.